Uchawi na Uganga katika Riwaya Zinazotolewa na Waandishi Wenyewe

Kiswahili hakikubali kumwita kila mwenye nguvu za ajabu kwa jina moja. Mganga ni mmoja na mchawi ni mwingine, na ingawa huenda wote wawili wakachuma majani katika kichaka kimoja na kunuia maneno yanayofanana, watu wa mji hawawachanganyi: mmoja huponya, mwingine hula watu. Kando yao wako mpiga ramli, mwenye falaki, mpunga pepo, na yule mfanya mazingaombwe wa sokoni ambaye hana nguvu yoyote ila wepesi wa vidole. Kiingereza huifunga mizigo hii yote kwa kamba moja. Tofauti hiyo si jambo dogo kwa mtu asomaye riwaya za Kiingereza za siku hizi zinazosimulia habari za uchawi, kwa kuwa humlazimu kuuliza swali ambalo wengi wa waandishi wake hawakuliuliza. Nguvu hii isifiwayo kwa kurasa mia tano au mia sita, ni ya mganga au ni ya mchawi? Na kama ni ya mchawi, ni nani aliwaye?

Riwaya zinazohusika hapa ni zile ambazo waandishi walizitoa wenyewe au kwa mkono wa shirika dogo, kwa hatari yao, bila mhariri wa shirika kubwa kuzikata wala wakala wake kuzitangaza. Zamani kazi ya namna hiyo ilikuwa na aibu. Mtu aliyemlipa mpiga chapa ili kitabu chake kipate jalada alihesabiwa kuwa amekataliwa katika kila mlango, na mara nyingi hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Novemba 2007, duka la Amazon lilipoanza kuuza chombo chake cha kusomea, liliwafungulia waandishi njia ya kuweka kazi zao dukani kwa mikono yao wenyewe, na aibu ile ikaanza kupungua kwa kadiri fedha zilivyoanza kuingia. Aibu nyingi hupungua kwa njia hiyo.

Hata kabla ya hapo kulikuwa na kisa cha Christopher Paolini, kijana wa Montana huko Marekani, ambaye wazazi wake walimchapishia riwaya yake ya Eragon mwaka 2002. Jamaa nzima ilifanya kazi ya uuzaji. Kijana alizunguka katika shule na maktaba amevaa mavazi ya kale, akauza nakala mkono kwa mkono, mpaka kitabu kikaangukia mikononi mwa mtoto wa kambo wa mwandishi Carl Hiaasen, na kwa njia hiyo kikafika kwa shirika la Knopf, ambalo lilikitoa upya mwaka 2003. Lugha ya kitabu hicho imejazwa mapambo kama bibi harusi aliyevishwa na mashangazi saba. Walakini kina kanuni moja iliyo nzuri. Atendaye jambo kwa uchawi huchoka kama ambavyo angalichoka kulitenda kwa mikono yake; akiinua jiwe kwa neno, uzito wa jiwe humwangukia mwilini, na akithubutu kuinua mlima atakufa. Mlipaji ni mtendaji. Kanuni hii yapasa kukumbukwa, kwa sababu vitabu vilivyokuja baadaye viliichukua hesabu yake na aghalabu vikaiacha haki yake.

Hesabu ndiyo alama ya kundi hili. Uchawi wa hekaya za kale haukuelezwa. Pete ilisuguliwa na jini akatokea, wala hakuna aliyeuliza jini huyo alitumia nguvu kiasi gani kusafiri. Uchawi wa riwaya mpya una vipimo, daraja, shule, mitihani na vyeti. Katika Unsouled ya Will Wight, iliyotolewa mwaka 2016, kila mtu huvaa beji ya kuonyesha cheo cha roho yake: shaba, chuma, jiwe la kijani liitwalo jade, na dhahabu juu yake. Lindon, kijana wa bonde lililotengwa, alipimwa utotoni akaonekana hana njia yoyote rohoni, akapewa beji ya mbao. Kuanzia hapo hadi kitabu cha kumi na mbili, kilichotoka mwaka 2023, hadithi ni ngazi. Apandapo kidato kimoja huona kingine juu yake, na wale waliokuwa majitu katika kitabu cha kwanza huwa sisimizi katika cha nne.

Ni rahisi kwa mwanachuo kuidharau raha ya namna hiyo, lakini dharau hiyo haina haki. Ni raha ya mtoto maskini anayefaulu mtihani ambao wenye nchi waliutunga ili ashindwe, na si watu wengi waliopata elimu wanaoweza kudai kwamba hawaijui. Tena Lindon ana sifa ambayo msomaji wa Kiswahili huitambua mara moja: hudanganya, huiba, huweka mitego, na hushinda kwa akili pale nguvu inapomkosa, nayo dhamiri yake haimsumbui kupita kiasi. Ni sungura aliyevishwa joho. Kasoro ni kwamba sungura wa hadithi zetu hubaki mdogo. Simba na fisi hawakomi kuwa wakubwa kuliko yeye, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Lindon hukua, na kila akuavyo akili yake hupungua kazi, mpaka mapigano yake huwa ya nguvu kwa nguvu, nayo kurasa za mapigano hayo zaweza kurukwa bila hasara.

Sufficiently Advanced Magic ya Andrew Rowe, ya mwaka 2017, imekwenda mbele zaidi katika njia hiyo ya hesabu. Jina lenyewe lachezea usemi maarufu wa Arthur C. Clarke kuhusu ufundi uliokwisha kuendelea sana. Kijana Corin aingia katika mnara wenye majaribu, ambamo kaka yake alipotea miaka mitano kabla yake, na atoka na alama mwilini impayo uwezo wa kutia nguvu katika vitu. Uwezo huo wadharauliwa katika nchi yake, kwa sababu ni wa fundi, si wa shujaa. Hapo msomaji hutumaini kwamba ataona heshima ya fundi ikipiganiwa, na kwa sehemu huiona. Kurasa ambazo Corin ameketi na vyombo vyake akijaribu, akikosea na kujaribu tena, ndizo bora katika kitabu. Lakini mwandishi huhesabu mno. Msomaji hupata kujua kwa tarakimu kiasi cha nguvu iliyo katika mkono wa Corin asubuhi na jioni, asijue nyumba aliyolelewa ilinukia nini. Kitu kimoja tu humwokoa Corin asiwe daftari la mhasibu: hawezi kuvumilia kuguswa na watu, na mwandishi amelieleza jambo hilo kwa upole, bila kelele, wala hakulifanya ugonjwa wa kuponywa katika sura ya mwisho.

Kwa nini ngazi hizi hazina mwisho? Sehemu moja ya sababu iko nje ya sanaa. Julai 2014 duka lile lilianzisha mpango wa kuazimisha vitabu kwa ada ya mwezi, na kuanzia Julai 2015 mwandishi aliyeingia katika mpango huo hulipwa kwa hesabu ya kurasa zilizosomwa. Mtu atadhani kwamba malipo hayo humfanya mwandishi arefushe tu, lakini athari yake ni ya ndani zaidi. Ukurasa ulioandikwa na usiosomwa haulipi chochote. Kwa hiyo mwandishi hana budi kumvuta msomaji kutoka sura hadi sura kama mvuvi avutavyo mshipi, asiuache ulegee hata kidogo. Na hakuna mshipi ulio imara kuliko cheo ambacho shujaa amebakiza hatua moja kukipata. Wasimulizi wa Alfu Lela Ulela wangalifahamu jambo hili bila kuelezwa, kwa kuwa Shahrazadi naye alilipwa kwa usiku, na malipo yake yalikuwa kichwa chake. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kusudi la kumgeuza mfalme.

Si vitabu vyote vya kundi hili vilivyo hivyo. Mwaka 2015 Mark Lawrence, mwandishi ambaye vitabu vyake hutolewa na mashirika makubwa, alianzisha mashindano ya riwaya za maajabu zilizotolewa na waandishi wenyewe. Vitabu viligawanywa kwa makundi kumi ya mahakimu, kila kundi likachagua kimoja, na kumi hivyo vikasomwa na wote. Katika mashindano ya tano ushindi ulikwenda kwa The Sword of Kaigen ya M. L. Wang, iliyotoka mwaka 2019. Uchawi wa maji na barafu umejaa humo, lakini vita vyenyewe vyaisha mapema kuliko msomaji atarajiavyo, na sehemu iliyobaki ni matanga. Mama aliyefiwa na mwanawe wa miaka kumi na minne apika, afua, anyamaza, na kukaa na mume asiyejua kusema naye. Mwandishi aliyeshurutishwa kumvuta msomaji kwa cheo kijacho asingalithubutu kukaa msibani kwa kurasa nyingi hivyo.

Ujasiri wa aina nyingine umo katika A Wizard's Guide to Defensive Baking, iliyotolewa na shirika dogo mwaka 2020 kwa jina la T. Kingfisher, ambalo ni jina la kalamu la Ursula Vernon. Ilipata tuzo ya Andre Norton ya mwaka 2020 na ya Lodestar mwaka 2021. Mona ana miaka kumi na minne, na uchawi wake hautii kitu kingine ila unga na mkate. Aweza kuuambia mkate usiungue, aweza kuwachezesha watu wa biskuti mezani, na chini ya duka la shangazi yake kuna chachu iliyo hai, yenye jina na tabia. Nguvu ndogo namna hiyo ni neema kwa riwaya, kwa sababu humlazimisha mwandishi kufikiri. Lakini uzito wa kitabu hauko katika mkate. Uko katika hasira ya Mona, ambaye auokoa mji akauliza, hata baada ya kupewa heshima, kwa nini watu wazima wenye vyeo na mishahara waliacha mambo yafike mahali ambapo mtoto wa jikoni alazimishwa kuwa shujaa. Riwaya nyingi za vijana husifu ushujaa wa mtoto. Hii yauhesabu kuwa ni deni la watu wazima.

Kitabu kinachostahili kukaliwa kitako, hata hivyo, ni Blood Over Bright Haven, ambacho Wang alikitoa mwenyewe mwaka 2023, na ambacho shirika la Del Rey lilikichukua na kukitoa upya mwaka 2024. Haiwezekani kukihukumu bila kuifunua siri yake, na asiyetaka kufunuliwa asome kitabu kwanza. Mji wa Tiran umezungukwa na kinga ya uchawi. Ndani yake kuna taa, joto, magari na viwanda, vyote vyaendeshwa kwa nguvu ya uchawi. Nje yake, katika nchi ya Kwen, kuna baa ambalo huwashukia watu na mifugo bila onyo, likawachana na kuwamaliza. Riwaya yaanza huko nje. Kabila moja lavuka ziwa lililoganda ili lifikie kinga, nalo laangamia njiani. Miongoni mwa wote afika kijana Thomil pamoja na mpwa wake mdogo. Miaka kumi baadaye Thomil afagia sakafu katika chuo kikuu cha waganga wa Tiran, na Sciona, mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika baraza la juu la chuo hicho, apewa mfagiaji huyo kuwa msaidizi wake kwa dhihaka ya wenzake.

Uchawi wa Tiran nao ni wa hesabu, na mwandishi ameupa mashine iliyo kama ya kupiga taipu. Mwenye kuitumia hupiga maneno ya kutafuta nguvu, huona katika kioo ramani ya mahali wapaitapo ulimwengu mwingine, penye madoa ya mwanga katika ukungu. Huchagua doa, huivuta nguvu yake, na kuituma ikafanye kazi mjini. Kurasa za mwanzo zenye maelezo hayo ni nzito, na msomaji aliyekwisha kuchoshwa na akina Corin ataguna. Avumilie. Maelezo hayo si pambo la kitabu, ndiyo mtego wake. Msomaji afundishwa hesabu hiyo pamoja na Sciona, aipenda akili yake, ashangilia afanyapo ramani kuwa safi kuliko walivyoweza wanaume wote wa chuo; na ramani inapokwisha kuwa safi, yale madoa ya mwanga yaonekana kuwa ni miti, na wanyama, na watu. Ulimwengu mwingine ni Kwen. Baa ni mkono wa mji wenyewe. Kila taa iliyowashwa tangu ukurasa wa kwanza imewashwa kwa uhai wa mtu.

Hapo ndipo tofauti ya mganga na mchawi irudipo kwa nguvu zote. Watu wa Tiran hawajioni kuwa wachawi. Wana dini, wana maadili, wana chuo chenye kuta za mawe, nao hujihesabu kuwa waponya dunia. Mchawi wa vijijini hutoka usiku uchi, kwa kuwa ajua atendalo. Wao hutenda mchana wakiwa wamevaa majoho. Na Sciona aendapo kwa mwalimu wake Bringham, mtu mpole aliyemfungulia mlango, akiamini kwamba amemletea habari itakayomwangusha kwa huzuni, akuta kwamba mwalimu alijua. Wakuu wote walijua. Mandhari hiyo ndiyo bora katika kitabu, kwa sababu Bringham haugeuki kuwa zimwi. Abaki mpole vile vile. Ajibu kwa sauti ile ile aliyoitumia kumsifu mwanafunzi wake, na msomaji atambua kwa kuchelewa kwamba upole ule nao ulilipiwa na mtu.

Wang amefanya jambo jingine lililo gumu: Sciona si mtu mwema. Ni mwenye kiburi, ana tamaa ya kukumbukwa, na maneno amwambiayo Thomil katika sura za mwanzo ni ya aibu. Dhuluma anayotendewa na wanaume wa chuo ni ya kweli, nayo haikumfunza kuiona dhuluma ya mfagiaji wake. Mwandishi dhaifu angalimfanya mwanamke mwenye kudhulumiwa kuwa rafiki wa wote waliodhulumiwa. Wang ajua kwamba mtu aweza kukanyagwa huku akimkanyaga mwingine, wala asisikie chochote chini ya unyayo wake.

Kasoro hazikosekani. Thomil ana hekima nyingi mno. Huongea kama mtu aliyetumwa kujibu hoja, na msomaji hutamani kumwona akikosea, au akicheka na mpwa wake bila ya kufundisha kitu. Wanaume wa chuo, ukimtoa Bringham, wamepakwa rangi moja. Mabishano ya haki na batili yarudiwa mara ya tatu na ya nne kana kwamba msomaji alisinzia, na hapo mhariri mkali angalifaa. Mwisho ni wa damu, nao Sciona haufikii akiwa hai. Kuna wausifuo kuwa ni wa haki, na kuna waonao kwamba kifo chake kimemwondolea mwandishi kazi ya kueleza mtu aliyejua ukweli huo angeishije asubuhi ya pili. Hoja hii ya pili ina nguvu. Mji ulipoonyeshwa ukweli, wengi wa watu wake walichagua kutouona, na kisa cha watu hao, wanaowasha taa zao jioni wakijua ziwashwazo kwa nini, kingestahili kurasa nyingi kuliko walizopewa.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake karibu. Katika Adili na Nduguze, ambayo Shaaban Robert aliitoa mwaka 1952, uchawi umo tele: jini Huria awageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani kwa ubaya waliomtendea ndugu yao. Lakini jini hakuiacha adhabu iwaangukie wakosaji peke yao. Adili, aliyedhulumiwa, apewa amri ya kuwapiga kila usiku, naye huwapiga akilia. Hakuna hesabu ya nguvu humo, wala daraja, wala mashine. Hakuna ajuaye Huria alifanyaje. Iliyopo ni mizani. Nguvu imetendeka, na mwandishi amtazama kila mmoja aliyeguswa nayo, hata yule aliyetetewa. Ukipima kwa mizani hiyo, vitabu vya Wight na Rowe vyaonekana vyepesi kwa jinsi vilivyo vizito kwa kurasa, na kile cha Wang, pamoja na maneno yake mengi, chasimama.

Ikiwa siku moja atatokea mtu wa kukifasiri kitabu hicho kwa Kiswahili, atakwama kabla ya kufika mbali. Jina la cheo cha Sciona, ambalo katika Kiingereza halina lawama wala sifa, litamtaka achague. Akimwita mganga, atakuwa amesema uongo pamoja na wakuu wa Tiran. Akimwita mchawi, siri itakuwa imetoka katika sura za mwanzo. Labda njia iliyobaki ni kuwaita wenye majoho wanazuoni, kama wapendavyo kujiita, na kulificha neno la mchawi hadi katikati ya kitabu, likatamkwe kwa mara ya kwanza na mfagiaji.